Sikukuu Iliyotangazwa Asubuhi

Mjukuu wangu Achieng,

Hapa Kisumu sote tu wazima, na mama yako amepona mguu. Unauliza mbona sikukuu za huko Ujerumani hujulikana mapema, na zetu zilikuwa zikija ghafla. Swali hilo limenirudishia hasira.

Miaka ya themanini, mimi na babu yako tulikwenda kwa mkuu wa wilaya kufunga ndoa. Baba yangu, aliyekubali shingo upande, alitoka nami Asembo Bay. Tulikuta kufuli mlangoni.

"Leo ni holidei, Mama," askari akaniambia. "Redio imetangaza asubuhi hii."

Baba akageuka. "Mungu amekataa ndoa hii."

"Si Mungu, Baba, ni redio!" nilimpigia kelele, lakini alikuwa ameshaondoka.

Tulioana kesho yake bila yeye. Hakukanyaga kwangu mpaka mama yako alipozaliwa.

Pasaka huhesabiwa kwa mwezi mpevu. Idi hutofautiana nchi na nchi, kwa kuwa mwezi hauonekani kote siku moja. Hayo nayaelewa. Lakini siku ile ilitoka mdomoni mwa mkubwa mmoja wa Ikulu, aliyeamka akajisikia kutupumzisha bila kuuliza nani ana shughuli gani.

Baba nilimsamehe. Huyo mkubwa, bado.

Nyanya yako akupendaye