Walidhani Ninauza Mawe

Munigi, Goma
Ijumaa asubuhi

Papa Amani, mume wangu,

Uko salama? Ng'ombe je? Nawaulizia ng'ombe mapema kwa kuwa nakujua, nisipowataja hutasoma mbele. Na goti la mama mkwe limepoa? Mimi mwili ni mzima, ila tangu Jumatatu sipati usingizi. Simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa kamio, lile lori linalopanda Masisi. Isome yote ukiwa umekaa.

Parseli yetu, kiwanja chetu hiki cha Munigi, kuna mtu anaitaka.

Unajua desturi yangu. Kila asubuhi, kabla sijateremka Himbi kufua nguo za watu, napanda kwanza huku na nyundo. Navunja mawe ya volkano kidogo, nayapanga, kisha naenda kazini na vumbi kwenye kitambaa. Mvua ikinyesha naenda, mgongo ukiniuma naenda. Wifi yangu kule Majengo alinicheka, "Mama Amani, uko unajenga Goma muzima?" Mimi niliona ninatimiza neno tulilopeana: tukae pamoja, Amani asome hapa.

Jumatatu nikakuta mtu na kamba, anapima. Anasema parseli ni yake, ilikaa bure. Nilimfokea mpaka majirani wakatoka, nami nikafurahi, maana hao wananiona kila siku. Shefu wa mtaa akaja, akawauliza.

"Tunamuonaka, shefu," akasema mama jirani wa upande wa chini. "Kila asubui anavunja mawe. Siye tulizani anayauzisha."

Papa Amani, nilitamani ardhi inimeze. Mawe yote nilikuwa nimeyapanga rundo moja refu pembeni ya barabara, kingo zimenyooka, kama wanavyopanga wauza mawe wanaongoja kamio. Nilijivunia sana unadhifu wake. Watu waliwahi hata kuniuliza bei, nikacheka tu, nikaendelea kupanga. Na pale ndani, tulipopima vyumba kwa macho wewe na mimi, hapakuwa na jiwe hata moja.

"Ni ya nyumba!" nikalia.

"Nyumba iko wapi, mama?" shefu akauliza, bila ukali. "Mi naona mawe. Na bwana yako iko wapi?"

"Iko Masisi, na ng'ombe."

Yule mwenye kamba akacheka. Kicheko hicho bado nakisikia.

Karatasi tunazo sisi, na yeye ameleta zake. Shefu amesema karatasi zote zinafanana machoni pake, atatazama ardhi. Atarudi Jumapili baada ya misa. Akikuta nyumba imeanza na wenyewe wapo, maneno yamekwisha. Akikuta rundo, atampa yule mtu.

Nina hasira na wewe. Kila ukipiga simu ni "nyumba yetu, nyumba yetu", kisha unarudi kwa ng'ombe. Lakini na mimi mdomo ulisema nyumba, mikono ikafanya kazi ya muuza mawe. Tumefanana, ndiyo maana tulioana.

Tangu Jumanne nimeacha kuvunja. Nalibomoa rundo, jiwe kwa jiwe, nayapanga kwenye mstari wa msingi. Nimeomba ruhusa Himbi, mama wa nyumba amenuna. Jana nimefunga turubai, nikahamisha sufuria zangu kutoka kwa wifi. Sasa naandika nikiwa nimekaa juu ya msingi wa chumba chetu, na naogopa, sikufichi. Yule mtu amepita asubuhi hii. Amesimama, ametazama, ameenda zake.

Dereva ameniahidi barua itakufikia leo hii, vizuizi vya njiani visipomchelewesha. Ng'ombe waachie shemeji, anajua kuwakamua kuliko wewe. Panda pikipiki kesho, uteremke.

Msalimie mama mkwe, mwambie asikasirike nikimwita mwanawe. Msalimie shemeji. Amani mbusu, umwambie chumba chake kitakuwa upande wa jua. Wifi anawasalimu wote, siku hizi hacheki tena.

Ukifika Munigi usiulizie parseli, tafuta moshi. Mafiga nimeyaweka katikati kabisa, kila mpita njia ayaone, na Jumapili moto utawaka hapa, uje usije.

Ni mimi mkeo,
Mama Amani, mwenye nyumba