Nilivyomkana Bi Zena

Jumanne, baada ya alasiri

Mwezi wa tatu huu, Maryamu, hujaja kulisoma daftari langu. Mjukuu gani wewe?

Yeo karani wa serikali amefika hapa Kililana kuwaandika waliohama. Bi Zena, jirani yangu tangu kijiji chetu kabla bahari haijakila, akamweleza yote. Karani akasema sheria yamjua aliyekimbia vita. Aliyefukuzwa na maji hana pake kwenye fomu, ila akiwa na shahidi ataandikwa pembeni. Bila shahidi ni skwota, mvamizi wa ardhi ya watu.

"Shahidi huyu," akasema Bi Zena, akanishika mkono. "Kisima chetu kilikuwa kimoja."

Wenyeji wote wananitazama. Mimi, niliyekuwa na minazi yangu kule kijijini, nikiri kuwa nami nimehama, niitwe skwota mbele yao?

Nikasema, "Mimi nimekuja kumtembelea mwanangu tu."

Bi Zena akauachia mkono wangu. "Haya, Bi mgeni. Karibu nti ya watu." Karani akafunga faili.

Nimeona haya. Mara mbili nimefika mlangoni kwake nikarudi.

Ukija, usianzie kwangu. Nenda kwa Bi Zena, umwambie niko tayari kumfuata karani hadi ofisini nikaseme kweli. Akikutukana kwa ajili yangu, nyamaza, umsikilize mpaka amalize.