Vesaki ya Kumari na Mama Yangu

Alhamisi, 8 Mei 2025
Nimemlisha uji Bibi, mzee wa nyumba hii. Miguu imemvimba tena. Tumemgeuza wawili, mimi na Kumari. Yeye anatoka Sri Lanka, yuko mwaka wa sita kazini kwa Waarabu hawa. Amenunua karatasi nyeupe madukani Hamriya, anatengeneza taa ya Vesaki. Sikukuu ya Budha wao, Jumatatu, mwezi ukiwa mpevu.
Kaka amepiga simu kutoka Singida. Mama amelazwa. Hawezi hata kusema.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemwomba madamu, mwajiri wetu, ruhusa ya kwenda nyumbani. Anasema nisubiri mumewe arudi safari, mwisho wa mwezi. Bibi hawezi kuachiwa mtu mmoja. Pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwake.
Nimesugua bafu mpaka vidole vikachubuka. Namchukia.

Jumamosi, 10 Mei
Mama hajafumbua macho. Rozari mara tatu. Sijui nasali au nahesabu shanga tu.
Bibi alizaliwa Unguja, tunaelewana. Kaniambia, "Mwanangu, nnakuona huli. Una nini?" Nikamweleza. Akamwita madamu, mkwewe, wakagombana kwa Kiarabu. Madamu alitoka macho mekundu. Amekubali, nitaondoka Jumanne.
Jumanne ni mbali. Mama, ningoje.

Jumapili, 11 Mei
Mama amefariki saa nne asubuhi. Wanazika kesho.

Jumatatu, 12 Mei
Kumari kaamka, kavaa nyeupe tupu. Leo anashika masharti manane ya dini yao. Haui hata mbu. Halalii kitanda. Adhuhuri ikipita hali tena mpaka kesho. Taa kaitundika dirishani, na asmini kaziweka mbele ya picha ya Budha. Kazi zake zote kafanya vilevile.
Saa nane wakawa wanamshusha Mama kaburini. Kaka alinishikia simu nione. Ikakatika. Nikajifungia stoo, nikajiuma mkono. Nilitaka kufa. Sitaki kuficha hilo hapa.
Kumari akagonga. Ana birika la maji, na kikombe juu ya sahani.
"Leo thawabu kubwa," akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Yangu yote nampa mama yako, kwa maji haya. Jina lake nani?"
Nikaogopa. Mimi Mkatoliki. Padri angesemaje? Lakini sikuwa na kitu kingine cha kumpa Mama.
"Anastazia," nikasema.
Tukashika birika pamoja, tukamimina polepole. Kikombe kikajaa, maji yakafurika mpaka sahanini. Yeye anasoma kwa lugha yao. Katikati ya maneno nisiyoyajua nikasikia Anastazia. Nililia kwa sauti. Tangu jana sikuwa nimelia.

Jumanne, 13 Mei
Uwanja wa ndege. Madamu kaniletea pasi mwenyewe, hakunitazama usoni. Bibi kanipa kanga yake. Kumari kanifungia mkate na mayai, akarudi ndani kazini.
Kaka anasema msalaba wa kaburi hawajausimamisha. Wananingoja.