Mguu wa Nne wa Kitanda

Jumatatu, 13 Februari
Saa saba mchana karakana ni tanuri. Gundi imekauka kwenye brashi kabla haijagusa mbao! Nimevua shati. Nimevua na fulana. Bado.

Binti yetu kapiga simu, mtoto anatarajiwa Julai. Nikasema kitanda cha mtoto nitatengeneza mimi. Kisha akasema, kwa adabu zote, kwamba dukani vipo. Ana haki. Cha kwake nilikitengeneza mimi, msimu wa baridi, gundi haikushika, mguu ukachomoka. Kovu la kidevuni analo hadi leo. Tumekubaliana: kikiwa tayari siku ya kujifungua, anakichukua. La sivyo, duka.

Jumamosi, 18 Februari
Mabati nimeyapaka chokaa. Ukuta wa nyuma nimetoboa dirisha la pili, upepo upite. Chini ya bati nimepigilia trei tupu za mayai, mia moja na arobaini, zizuie joto. Muuza mayai kauliza kama nafuga kuku darini. Nikamwambia ndiyo. Maelezo ni marefu.

Kumepoa! Leo nimefanya kazi kifua wazi hadi saa kumi.

Jumanne, 7 Machi
Mama mkwe kaja kumsubiri kitukuu. Kazunguka nyumba nzima akijipepea, kafika karakana, kasimama. Kaagiza kiti.

Mbele ya mkwe huvui shati. Nimehangaika wiki nzima kupata ubaridi, sasa nimefunga vifungo hadi shingoni. Mke wangu anacheka hadi anashika ukuta.

Alhamisi, 9 Machi
Nimepiga randa. Mama kakohoa. Nikaacha. Kasema niendelee tu, mwanangu. Nikaendelea. Kakohoa.

Heshima si utumwa, wanasema. Hawajakaa na mama mkwe karakanani.

Jumatano, 14 Juni
Baridi. Lile dirisha la fahari sasa linaingiza upepo wa mgongoni. Nimeliziba kwa godoro kuukuu. Jiko la mkaa siliwashi, tumejifungia, moshi utatumaliza. Gundi nzito, haishiki.

Mama, ndani ya mablanketi mawili, kauliza: mwaka ule baridi ilikuwa hivi? Nikajua anauliza nini. Yeye ndiye aliyemwokota mtoto sakafuni. Nikasema ndiyo, mama. Miaka ishirini na saba, na aibu bado mbichi.

Jumapili, 2 Julai
Kopo la gundi nimelitia kwenye sufuria ya maji moto. Mbao nimezipasha kwa pasi ya mke wangu. Hajui bado.

Joto halidumu. Mama kaniangalia weee, kisha katoa chupa yake ya maji ya moto chini ya blanketi, kaifunga kwenye maungio kwa kitambaa cha kichwani. Kila nusu saa nabadilisha maji. Baada ya masaa manne nimeutingisha mguu. Umeshika! Nimetoka nje nikajifanya napiga chafya.

Jumanne, 4 Julai
Miguu mitatu.

Jumatano, 5 Julai
Saa tatu asubuhi. Mguu wa mwisho umetiwa gundi dakika ishirini zilizopita. Mke wangu kaja mbio, uchungu wa binti umeanza, teksi iko mlangoni, twendeni! Anauliza pia nani kaweka gundi kwenye pasi yake.

Nikashika koti. Mama hakuinuka. Mkono uko juu ya chupa. Kasema hospitalini kuna wauguzi, kuna mume wake, na sasa mama yake anakwenda. Hapa kuna nani?

Nikasema klempu zimeubana mguu, zitashikilia, mama, tutarudi. Kaniambia polepole: mara ile pia uliondoka kabla haijashika.

Kweli. Nilikwenda kulala.

Nimemwambia mke wangu atangulie. Kaniangalia, kamwangalia mama yake, kaondoka na teksi. Nimekaa chini. Chupa inapoa, birika halijachemka. Koti nimelizungushia mguu wa kitanda. Mama kaligusa, kasema halitoshi, nivue na shati.

Nikasema, mama.

Kasema joto ni joto.

Nimefungua vifungo vitatu.