Gari Tulilotengeneza Mimi na Asukile

Iringa,
4 Machi 1956

Kwa baba yangu, Mzee Eliezeri,

Ugonile, tata. Nakusalimu wewe na mama, na wote wanaoota moto jikoni kwetu. Je, kikohozi cha mama kimepoa? Huku Iringa baridi ya asubuhi inauma, na mvua haijakatika tangu Januari, basi namkumbuka kila nisikiapo mtu anakohoa. Na kahawa, imebebaje mwaka huu? Mimi mwili wangu ni mzima. Nimepata kazi ya useremala kwa mzee mmoja Mhehe karibu na soko, na nalala mahali pakavu. Barua zako mbili zilinifikia. Sikujibu, na leo utajua kwa nini.

Baba, nataka kukueleza habari za lile gari lililomuua kaka Asukile, tangu mwanzo wake, kwa maana siku ya mazishi ulisikia mkia wake tu.

Bwana Mpimaji alilileta kwenye gereji ya Mzee Othmani pale Mbeya mwezi wa Juni mwaka jana. Lilikuwa gari la boksi, kama yale ya kubebea mikate. Alisema ana kazi ya kupima ardhi ya Usangu kwa miezi mitatu, mahali pasipo barabara wala nyumba ya wageni, kwa hiyo anataka gari ambalo mtu anaweza kulala, kupika na kuandika ndani yake. Mzee Othmani akanipa mimi kazi ya mbao. Asukile, ambaye Bwana alikuwa amekwisha kumwajiri awe dereva wake, akasaidia mafundi wa chuma.

Sijapata kufanya kazi kwa furaha kama wiki zile. Kaka aliongeza pleti kwenye springi ili gari linyanyuke lisigonge mawe, akatengeneza sanduku la sepetu, shoka na minyororo ya kufunga magurudumu kwenye tope. Mimi nikatengeneza kitanda cha mninga cha kukunjia ukutani, kabati la vyombo ambamo kila kikombe kilikuwa na kijumba chake ili visigongane njiani, na meza iliyoshuka kutoka mlango wa nyuma. Turubai tulilifunga ubavuni. Ukilivuta na kulisimika kwa miti miwili, unapata baraza. Watu wa sokoni walikuja kutazama. Bibi Zuena, muuza vitumbua, alisema gari hilo limeishinda nyumba yake, akauliza kama Bwana anatafuta mke. Asukile alicheka mpaka akakaa chini.

Yakabaki maji. Bwana alitaka matangi mawili makubwa, maana wakati wa kiangazi huko nyikani maji ya kunywa ni shida. Asukile alishauri yawekwe chini ya sakafu, moja kila upande. Lakini kufanya hivyo kungenilazimu kung'oa kitanda na kabati, navyo nilikuwa nimekwisha kuvipaka vanishi, na Bwana alikuwa amevisifu mbele za watu. Nikamwambia Bwana kwamba paa litafaa. Akakubali. Asukile akanivuta pembeni, akaniambia, "Mdogo wangu, maji ni mazito. Ukimtwika mtu mzigo kichwani ukampitisha kwenye utelezi, ataanguka." Nikamjibu kwa sauti, mafundi wote wasikie, kwamba kama anaogopa gari akaendeshe baiskeli. Mafundi walicheka. Yeye hakucheka, wala hakulisema tena neno hilo.

Tuliondoka Agosti. Bwana alinichukua nami kwa wiki mbili za mwanzo, nirekebishe kitakacholegea. Tukaenda mpaka karibu na Madibira. Asubuhi ya siku ya tisa tulifika kwenye korongo kavu. Bwana na mimi tulishuka kutafuta mahali pa kuvukia, tulipopapata tukampungia Asukile mkono aje. Alikuja polepole, baba. Polepole kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Gurudumu la kushoto likazama kwenye mchanga, gari likainama, nami nikaona matangi yanalivuta paa. Halikuanguka kwa kishindo. Lililala tu, kisha likabiringika mara moja mpaka chini.

Tulipomfikia alikuwa amebanwa na usukani. Aliniomba maji. Maji ya matangi yalikuwa yanatumwagikia sote, yanateremka juu ya vioo, nami nikayakinga kwa kiganja nikampelekea mdomoni. Hakuyameza.

Askari alikuja jioni. Akakuta kibuyu cha pombe kimepasuka mbele, karibu na miguu ya marehemu, na nguo zake zinanuka. Akaandika kwamba dereva alikuwa amelewa.

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla ya jeneza. Nilikuona, baba, umesimama kaburini na kofia mkononi, wewe mzee wa kanisa uliyewakemea walevi miaka yote. Hukutaka kusema neno. Hukutaka kengele ipigwe. Damari akakushika miguu, akiapa kwamba mumewe hakuwa mlevi, nawe ukamwambia asitetee aibu. Mimi nilikuwa nyuma yako, hatua mbili tu.

Kibuyu kilikuwa changu.

Nilikinunua jioni iliyotangulia kwa mwanamke wa kijiji, nikakificha chini ya kiti ili Bwana asikione. Asukile hakujua kama kipo. Askari alipouliza ni cha nani, nilinyamaza. Sikumwogopa askari. Nilikuogopa wewe. Na habari ya matangi hakuna aliyeniuliza, nami sikusema, kwa kuwa kama dereva amelewa, nani atatafuta kosa la seremala?

Juzi nilikwenda boma hapa Iringa, nikaeleza yote, kibuyu na matangi. Karani aliandika, nikatia sahihi. Aliniambia kwamba Bwana Mpimaji amekwisha kurudi kwao Ulaya, na mimi nisubiri kuitwa. Kama nitafungwa, sijui. Nipo hapahapa, sitakimbia.

Nina ombi moja. Usiisome barua hii peke yako kisha ukaitia motoni. Mwite Damari kutoka kwa wazazi wake, keti naye pamoja na mama, mwisikie kwanza ninyi watatu. Halafu isomwe Jumapili mbele ya watu walewale waliomzika kaka bila kengele. Jina langu litajwe, lisifichwe. Mimi sikuombi msamaha leo. Sijui hata niuombe kwa maneno gani. Lakini mwanao mkubwa alikufa akili zake timamu, mikono yake kwenye kazi niliyomharibia mimi. Hukumlilia. Mlilie sasa, baba.

Mpe mama salamu zangu. Mpe na Damari, kama atakubali kuzipokea. Majirani wa kilimani nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo, na Mungu awalinde wakati huu wa mvua.

Ni mimi, mwanao uliyebaki naye,

Lutengano Eliezeri