Kura ya Kumfungia Kobe wa Baba

Mpanda, 6 Mei 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na kile kifua kimetulia. Mimi mzima, kazi ya maabara inaenda, ila baridi ya asubuhi huku imewahi.

Baba, leo nakuandikia kama binti yako na pia kama mjumbe wa kamati ya wachezaji wa Mazimwi, huu mchezo wetu wa simu, kanda ya magharibi. Malalamiko yamezidi. Popo wako analaza mazimwi yote ya mpinzani, halafu Kobe wako anajifungia kwenye gamba na kujiponya, na pambano haliendi mbele wala halirudi nyuma. Sayi wa Nzega anasema mlicheza mpaka simu yake ikaisha chaji. Wanaiita "dozi ya mzee." Mwenyekiti wetu, Fikiri, anataka ipigwe marufuku kabla ya mashindano ya Julai hapo Tabora. Nakuomba uiache mwenyewe, nisije nikapiga kura dhidi ya baba yangu.

Nisalimie majirani wa Isevya.

Binti yako,
Julieth

Isevya, 9 Mei 2025

Mwanangu Julieth,

Marahaba, mama. Kifua kimetulia. Baiskeli za kutengeneza zipo, mvua imetuacha.

Mimi sijaiba kitu. Popo yumo mchezoni, Kobe yumo mchezoni, na waliowaweka ni wenye mchezo wao. Sisi tulicheza bao. Mtu akikufunga unakwenda kujipanga, unarudi kesho. Hatukuitisha kamati. Huyo Sayi naye akajipange.

Na mchezo huu ulinifundisha wewe, likizo ile baada ya kumzika mama yako, uliponiona nakaa tu kibarazani. Leo wewe ndiye unayetaka kunifungia?

Baba yako,
Wenceslaus

Mpanda, 17 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Habari za kutwa? Mimi mzima, ila barua yako imeniuma.

Tumejipanga, baba. Kamati imejaribu kila zimwi, hata yale ambayo watu hawayatumii. Anayelazwa na Popo haamki mpaka Kobe awe amepona tena. Hakuna dawa. Mchezo ambao mmoja anacheza na mwenzake anamtazama tu si mchezo.

Na kuna kitu sikielewi. Akina Sayi unataka kuwashinda, sawa. Mimi tukicheza Jumapili alasiri mbona hunishindi? Unaliacha zimwi langu la mwisho limebaki na pumzi moja, halafu unakaa unasubiri. Kwa nini?

Binti yako,
Julieth

Isevya, 2 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Si kuumwa, nilikuwa natafuta namna ya kuliandika hili.

Tukicheza, sauti yako naisikia humo kwenye simu. Unalalamika, unacheka, unaniambia, "Baba, si haki hiyo!" Pambano likiisha, ushinde au ushindwe, unasema, "Haya baba, baadaye," na sauti inakatika. Nabaki na saa ya ukutani. Basi nikatafuta zimwi la kukuchelewesha, nikampata Kobe. Nilimlea kwa ajili yako. Hao wengine walikutana naye njiani tu.

Piga kura unavyoona ni haki. Usiniangalie mimi.

Baba yako,
Wenceslaus

Mpanda, 14 Juni 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Kura zimepigwa. Fikiri alikubali marufuku, mjumbe mwenzetu Veneranda alikataa, yangu ndiyo ikaamua. Nimekubali. Niliisoma barua yako kwanza, nikaisoma tena, na bado nikaona akina Sayi nao wana haki ya kucheza. Halafu nikaenda chooni hapo kazini nikalia.

Kesho alasiri nitakuwepo mchezoni. Njoo na zimwi lolote, au tuzungumze tu.

Binti yako,
Julieth

Mpanda, 30 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Jumapili zimepita na wewe huonekani, simu hupokei. Nimempigia jirani yako, Mama Shukrani, anasema uko mzima, kijiwe cha baiskeli unafungua kila siku. Nashukuru kwa hilo. Lakini baba, hata kama umenikasirikia, niandikie unigombeze. Ukimya huu siuwezi.

Julieth wako

Isevya, 21 Julai 2025

Mwanangu Julieth,

Marahaba, marahaba tena. Mimi mzima, usihangaike.

Sikukasirika. Niliona aibu. Mtu mzima kumshika mtoto kwa kobe!

Kwenye mashindano nilikwenda. Nilicheza bila Kobe. Binti mmoja wa Igunga, anaitwa Elieth, alinishinda kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Akasimama akanipa mkono. "Shikamoo babu, umenikosakosa." Nilicheka mpaka watu wakageuka. Kura yako ilikuwa ya haki. Ningekuwa kwenye kamati, ningeipiga hivyo hivyo.

Mchezo nimeufuta kwenye simu. Sasa sina tena pa kukushikia, mama. Nimekaa nikawaza nikuulize nini, nikaona miaka yote hii sijui hata unapoishi panafananaje. Hebu niambie: asubuhi ukifungua dirisha, unaona nini?

Baba yako,
Wenceslaus

Mpanda, 24 Julai 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefurahi uko mzima, nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi.

Swali lako limenikwamisha. Dirisha lina pazia nililolikuta, na tangu nihamie hapa sijawahi kulifungua. Nikirudi kazini nawasha taa tu. Jana nimelitoa, nikalifua.

Kuna mpapai umezaa upande mmoja. Kuna mama anaitwa Apolinaria anakaanga maandazi huku akimsema mbuzi wake kama anamsema mume. Aliponiona dirishani alishtuka, akauliza, "Kumbe humo kuna mtu?" Nikamwambia nipo, natokea Tabora, baba yangu ni fundi baiskeli.

Reli haionekani kutoka hapa, imefichwa na nyumba. Ila treni ya kwenda Tabora ikiondoka, mabati yanatetemeka kidogo, na mimi naacha chochote ninachofanya, nasimama mpaka sauti iishe. Hilo sikuwahi kukuambia.

Binti yako,
Julieth