Magunia Yasiyoisha

Jumatatu, 13 Septemba 2004

Chuo kikuu, ati! Chumba juu ya duka la mbolea hapa Kitale, na kompyuta sita zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama viti vya sebuleni. Lekchara wetu, Bwana Kiplagat, ametumia saa nzima kutueleza kwamba kompyuta ni mjinga anayetii. Basi itajisikia nyumbani humu darasani.

Baba amepiga simu kutoka Bungoma. Nikianguka somo hili, narudi kufundisha nasari ya kanisa. Kamasi na nyimbo za kupiga makofi! Sitaki hata kufikiria.

Alhamisi, 30 Septemba 2004

Programu tunaandika kwa mkono kwenye karatasi za fulskepu. Kiplagat anasahihisha kwa kusoma tu. Kwangu sawa. Wengine wanagombania mashine kama kuku na mahindi, na mfalme wao ni Wabwile. Mtu wa kwetu Bungoma, anasema "plogramu" bila haya, anashinda akicheza karata kwenye skrini.

Chepkosgei, ninayekaa naye dawati moja, ameniuliza mbona sijagusa mashine hata siku moja. Nimemwambia mimi nilikuja kusoma, sikuja kucheza karata.

Jumamosi, 23 Oktoba 2004

Kumi na nane kwa ishirini! Wa kwanza darasani, na sishangai. Programu yangu ni ya ghala la mahindi: unaiambia magunia ni mangapi, inauliza uzito wa kila gunia, yakiisha inatoa jumla. Kiplagat aliisoma mbele ya darasa zima. Kazi safi, akasema, angalieni.

Wabwile, wa alama tisa, akainua mkono. "Lakini Sir, hiyo rupu inasimama wapi?"

Rupu! Ni lupu, bwana — yale maagizo yanayorudiwa rudiwa. Watu walicheka mpaka machozi. Kiplagat naye: "Kaa chini. Ati inasimama wapi! Si itasimama ikimaliza."

Nilicheka kuliko wote.

Jumatatu, 15 Novemba 2004

Wamebadilisha mtihani. Sasa ni kwenye mashine, na fulskepu hazihesabiki tena. Kiplagat ametangaza huku akitazama dirisha, mwoga yule.

Chepkosgei amenisihi twende naye nikajaribu kidogo. Nipange foleni nyuma ya Wabwile? Asante sana. Nimeikariri programu yangu yote, hadi nukta mkato ya mwisho.

Baba tena. Mama mchungaji ameshanishonea aproni ya nasari. Ya maua!

Jumatano, 1 Desemba 2004

Naandika nyuma ya karatasi ya rafu, ile ya kujaribia majibu. Stima imepotea katikati ya mtihani. Kiplagat amesema tukae, tusiongee, jenereta inatafutiwa mafuta. Ikiwaka kila mtu ataanza upya.

Swali lilikuwa magunia! Magunia yangu yenyewe, kidogo nicheke. Herufi zilinisumbua — nani alizipanga vile, mlevi? — lakini niliandika yote kama yalivyo kichwani. Nikaiambia magunia ni matatu. Ikauliza uzito. Tisini. Ikauliza tena. Tisini. Tena, tisini. Nikangoja jumla.

Ikauliza uzito.

Nikajibu. Ikauliza. Nikajibu! Magunia ya Trans-Nzoia nzima yamepita kwenye ile skrini na bado inataka mengine. Nilikuwa bado najaza tisini stima ilipopotea. Sijawahi kulipenda giza la skrini namna hiyo.

Mashine mbovu. Lakini ya Chepkosgei ilitoa jumla, nilisikia akishukuru Mungu. Nimeipitia programu kichwani mstari kwa mstari. Kila mstari ni mzuri. Kiplagat mwenyewe alitia tiki! Nimemtazama sasa hivi, akageukia dirisha.

Naogopa. Naiona ile aproni.

Wabwile yuko mashine ya pili kutoka yangu. Alikuwa ameshamaliza, bila shaka. Amenong'ona bila kugeuza kichwa: "Edinah, nimeona yako. Ni ile rupu, bana. Si nikuonyeshe?"

Rupu! Hata leo!

Huko chini jenereta imekohoa. Imezima. Imekohoa tena. Wabwile bado ananingoja, mjinga yule, hata hacheki. Nimeandika neno moja kwenye kona ya karatasi hii, kubwa, upande wa Wabwile. "Wapi?" Nimelifunika kwa kiganja. Taa zimewaka —